Mwezi Ambao Wadudu Hawakuruka

Vijana wangu wa kituo, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Saa ni nzuri, ingawa mstaafu hana haraka ya kujua ni saa ngapi. Maandishi haya ndiyo shukrani yangu. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua. Nitasema habari za wadudu wa magome ya misindano, na habari ya kosa moja nililolifanya kwa miaka saba nikidhani ni ucha Mungu.

Mimi ni mtu wa Mchinga. Nilikulia kwenye minazi na mikorosho, na msindano wa kwanza niliuona nina miaka ishirini na mbili, siku niliyoripoti kwenye shamba la miti kule juu nyandani. Nilidhani ni mti uliokauka majani ukabakiwa na nyuzi. Aliyenipokea ni Mzee Thomasi Mbonde, Mmatumbi wa vilimani nyuma ya Njinjo, Mkatoliki asiyekosa misa, mfupi, mwenye suruali ya kaki iliyojaa viraka alivyovishona mwenyewe. Nikampa shikamoo yake. Aliitikia marahaba, akanikabidhi kisu kabla sijatua hata begi.

"Bandua gome la gogo lile," aliniambia. "Taratibu. Humenyi muhogo."

Nikabandua. Chini ya gome palikuwa na vijia, kimoja kirefu kilichonyooka na vingine vyembamba vikitoka ubavuni mwake, kama mishipa ya jani. Akaniuliza naona nini. Nikasema naona michoro.

"Hiyo si michoro, hiyo ni nyumba. Huu ujia mrefu kauchimba mama akitaga mayai. Hivi vidogo ni vya watoto, kila mmoja na njia yake. Wakishakua wanatoboa gome wanaruka kutafuta mti mwingine. Kazi yako ni kujua wanaruka lini."

"Ni hiyo tu, mzee?"

"Ni hiyo tu. Mimi huu mwaka wa kumi na moja, bado sijaijua."

Mdudu mwenyewe vitabuni anaitwa mbawakawa wa magome. Sisi tulimwita bungua, na hafikii punje ya mchele kwa ukubwa. Mti mzima wenye nguvu humzamisha kwa utomvu wake, hivyo hapendi kuuchokoza. Anachokitafuta ni mti mgonjwa, au gogo lililokatwa juzi likaachwa na gome lake. Akiingia huleta na ukungu wa rangi ya buluu, na gogo lililokuwa jeupe hugeuka rangi kama limemwagiwa wino. Kwa hiyo mkulima akikata miti majuma ambayo bungua wametulia, magogo yanaweza kulala msituni yakisubiri wapasuaji bila madhara. Akikata majuma wanayoruka, amewaandalia karamu. Tofauti ya mambo hayo mawili ilikuwa ndani ya daftari letu.

Mitego tuliitengeneza wenyewe. Vidumu vya mafuta ya kula tulivikata madirisha, tukavitundika kwenye nguzo, urefu wa kifua. Ndani ya kila kidumu tulining'iniza kichupa cha spiriti chenye utambi wa pamba, na chini tukaweka maji ya sabuni. Mdudu anafuata harufu, anajigonga, anaanguka majini. Kila Jumatatu na Alhamisi nilizunguka mitego yote kumi na miwili, nikawakusanya kwa unyoya wa kuku na kuwahesabu mmoja mmoja chini ya kioo cha kukuzia. Vijana wa sasa mna vifaa vizuri zaidi, lakini unyoya wa kuku msiudharau. Haumvunji mdudu miguu na hauhitaji kuagizwa kutoka Dar.

Spiriti ndiyo iliyohitaji kuagizwa kutoka Dar, na mwaka mmoja haikuja. Mzee Mbonde aliandika barua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Baada ya hapo akaacha kuandika. Asubuhi moja aliondoka na dumu tupu, akarudi na dumu lililojaa nipa, ile inayokenekwa kwa mabibo, ambayo serikali ileile iliyotuajiri imeipiga marufuku.

"Mti ukiugua," alinieleza, "unachacha chini ya gome, unatoa harufu ya pombe. Bungua anaifuata hiyo. Hajui kama imetoka mtini au kwa mama muuza nipa."

Na kweli hakujua. Mitego ilijaa. Katika ripoti Mzee Mbonde aliandika kwamba tumetumia kivutio cha kienyeji. Wakubwa wakatupongeza kwa ubunifu, wakaomba maelezo ya namna kivutio hicho kinavyotengenezwa. Barua hiyo Mzee Mbonde hakuijibu.

Baadaye alihamishiwa mbali, nyanda za juu za bara, kwenye misindano mingi na baridi kali, nami nikaachiwa mitego. Nikaachiwa na dumu. Mimi, ambaye sijaonja tone maishani, nikawa mteja wa nipa kila baada ya wiki mbili. Nilikwenda asubuhi, dumu nimelificha ndani ya mfuko wa mbolea, na muuzaji alinipenda kwa sababu sikukaa kunywa wala kugombana. Habari zilifika Mchinga kabla yangu. Nilipokwenda kumsalimu mama yangu aliniita uani.

"Issa, wanasema unanunua nipa."

"Ya wadudu, mama."

Alinisogelea akaninusa kwanza begani, kisha mdomoni. "Na hao wadudu wanamaliza dumu zima?"

Nikaapa. Aliniamini, lakini tangu siku hiyo alikuwa akinisalimia kwa pua kwanza.

Ikafika Ramadhani yangu ya kwanza nikiwa peke yangu na mitego. Nikaona haiwezekani mtu amefunga, ametia udhu, kisha anatembea msituni kutwa akimimina nipa kwenye vichupa. Nikaimwaga yote. Vichupa nikaviosha, nikaweka utomvu wa msindano na vipande vya mti mbichi. Nilijiambia utomvu nao una harufu, mdudu ataridhika. Baada ya Idi nikarudisha nipa. Kwenye daftari, safu ya kivutio, niliendelea kuandika kilekile cha kila siku, kwa kuwa niliona jambo hilo ni baina yangu na Mola wangu, halihusu serikali. Mwaka uliofuata nikafanya vilevile, na uliofuata pia, mpaka ikatimia miaka saba.

Mwezi huo mitego ilikuwa karibu mitupu. Niliandika nilichokihesabu, sikuongeza wala kupunguza mdudu hata mmoja, na moyoni nilijisifu kwa uaminifu huo. Mtauliza kama sikushtuka. Sikushtuka. Nilijua wadudu wana majira yao, na kwamba mwaka haufanani na mwaka. Mtu akishajiona mwaminifu huwa hana sababu ya kujikagua.

Sasa niwajulishe kwa Bi Somoe. Alikuwa mjane wa kijiji cha chini ya nyanda, yeye na marehemu mumewe walikuwa wamepanda misindano nyuma ya nyumba kwa miche ya kitalu chetu. Nyumba yao ilikuwa ya makuti, na makuti yamechoka. Mvua ikinyesha alikuwa anahamisha kitanda mara tatu. Bati alishazikusanya, mojamoja, kwa miaka, zimeegemezwa ukutani. Kilichobaki ni mbao za kenchi, na mbao zilikuwa zimesimama nyuma ya nyumba yake. Wakataji aliwapata, ila wapasuaji walikuwa na kazi kwingine, wasingefika mpaka majuma matatu baadaye. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza. Akapanda mpaka kituoni kwa miguu.

"Mwanangu, nikate sasa au nisubiri?"

Ilikuwa ndani ya Ramadhani yangu ya saba na mitego. Nikafungua madaftari mbele yake kwa majivuno ambayo leo nikiyakumbuka nashika kichwa. Nikamwonyesha kwa kidole: miaka mitatu ya karibuni mfululizo, majuma haya, bungua kimya.

"Kata, mama. Magogo yaache na magome yake, yatakusubiri. Hawaruki wakati huu."

Akakata nusu ya miti yake. Siku chache baada ya Idi akanitumia mtu. Nilipofika sikuhitaji kuuliza nimeitiwa nini. Magogo yote yalikuwa na vichuguu vya unga mwekundu juu ya gome, unga unaotoka mdudu anapochimba. Nikabandua gome la kwanza, vijia. La pili, vijia. Nikaacha kubandua.

Bi Somoe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ulisema hawaruki."

"Ndiyo, mama."

"Sasa hawa wamekuja kwa miguu?"

Nyuma yake niliziona zile bati zimeegemea ukuta, na juu yake makuti yenye matundu. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu, na aibu hiyo ilichanganyika na hasira, kwa sababu daftari nililijua. Daftari lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu. Lingewezaje kusema uongo?

Wakati huo Mzee Mbonde alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao. Nikafunga madaftari yangu yote saba ndani ya kikapu, nikapanda basi mpaka Nangurukuru, kisha gari la Njinjo, kisha miguu yangu. Nilimkuta anapanda mahindi. Alinawa mikono, akatandika mkeka barazani na kuyapanga madaftari kwa mfuatano wa miaka, la zamani kabisa juu, la karibuni chini. Akaomba bakuli la mbegu za mahindi. Katika kila daftari alitafuta ukurasa ambao wadudu walipotea ghafla, akaandika tarehe yake kwenye karatasi moja yenye mistari, mwaka chini ya mwaka, tarehe za mapema zikikaa kushoto na za baadaye kulia, na juu ya kila tarehe akaweka mbegu.

Mbegu zilikaa mshazari, zimenyooka kama zimepangwa kwa kamba ya fundi.

"Angalia," alisema. "Mwaka wa kwanza kimya kimeanza hapa, mvua zinaendelea. Mwaka wa pili, siku kumi na moja nyuma. Wa tatu, kumi nyuma. Wa nne, kumi na moja tena. Hakuna mvua inayotembea hivi. Hakuna joto linalotembea hivi." Akaigonga mbegu ya mwisho kwa kidole. "Mimi ni Mkristo, Issa, lakini nimeishi na nyinyi miaka mingi. Kitu gani kwenu kinarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka?"

Nikaanza kuhesabu miezi yangu ya mfungo kwa vidole.

"Bungua wako wanafunga?"

Nikamweleza habari ya vichupa na utomvu. Mzee yule alicheka mpaka akakohoa, mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kulikoni. Nami nikacheka, kisha nikagundua kwamba silii kwa kicheko tena, nalia kweli, kwa ajili ya miaka saba na kwa ajili ya Bi Somoe. Mzee Mbonde alisubiri nimalize.

"Kufunga si kosa," alisema. "Kubadilisha kivutio nako si kosa. Ungeandika mstari mmoja: leo nimeweka utomvu. Mstari mmoja tu, Issa, na mimi au mtu yeyote angesoma na kujua. Sasa rudi. Kabla hujawaandikia wakubwa, mwambie yule mama."

Njiani nilipitia kwa shehe wetu, kwa kuwa bado nilikuwa na la kuuliza. Nikamweleza yote, nikategemea angalau atanisifu nia. Alinisikiliza akikunja msala.

"Hilo la nipa tutakaa tulizungumze," alisema. "Lina pande zake. Hili la kuandika kisichokuwa, halina mazungumzo."

Bi Somoe nilimkuta anapepeta mchele mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa chini na kumwambia kila kitu. Alipepeta mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo wadudu walikuwepo."

"Walikuwepo, mama."

"Ila wewe uliwanyima pombe yao."

"Ndiyo."

"Kwa kuwa wewe umefunga."

"Ndiyo, mama."

Aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kumtetemeka. Nikajua nimemliza mjane. Alipoufunua uso, alikuwa anacheka. Kisha akaacha, akanitazama moja kwa moja.

"Nimecheka," alisema. "Lakini paa langu bado linavuja."

Nikaomba likizo kesho yake. Magogo niliyabandua magome yote mwenyewe, siku nne, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na magome nikayachoma moto na wadudu wake. Wapasuaji niliwafuata walikokuwa nikawabembeleza mpaka wakaja kabla ya siku yao. Mbao zilitoka na mistari ya buluu na vitundu pembeni, ila zilikuwa imara, maana ukungu ule huharibu sura zaidi ya nguvu. Kenchi zilipanda, bati zikapigiliwa, na mvua kubwa zilipokuja kitanda cha Bi Somoe kilikaa mahali pamoja. Lakini kila mgeni aliyeinua macho ndani ya nyumba ile aliuliza kwa nini kenchi zina rangi, na Bi Somoe alimweleza, kwa jina langu na la mahali ninapofanya kazi.

Ile nusu ya miti iliyobaki alikataa isiguswe. "Itasimama," aliniambia, "mpaka daftari lako lipate akili."

Wakubwa niliwaandikia kurasa mbili, nikaomba takwimu zangu za miaka saba zisitumiwe. Nikapata barua ya onyo, ambayo niliistahili, na ndiyo barua pekee kutoka kwao iliyowahi kufika ndani ya wiki moja.

Nikaanza upya kuhesabu. Kila Ramadhani nilinunua nipa kabla ya mwezi kuandama, nikaimimina kwa faneli nikiwa na glavu, nikanawa, nikaenda kuswali. Na kila kitu nilikiandika. Niliandika nilipochelewa kwa sababu ya malaria. Niliandika siku nyani walipong'oa mtego wa tano, na siku nilipohesabu nikiwa nimegombana na mke wangu na hesabu haikukaa vizuri kichwani. Mtakaposoma madaftari hayo mtajua mambo yangu mengi kuliko nilivyopenda, lakini mtajua na ya bungua. Katika shamba letu wanaruka kwa wingi jioni chache baada ya mvua nzuri ya kwanza, wanapungua mvua zikikolea, wanaamka kidogo mvua zinapokatika, na miezi ya baridi ya kusi wanatulia kabisa.

Miaka kumi ilipita. Ramadhani ikatembea nyuma mpaka ikaingia ndani ya ile miezi ya kusi. Siku moja, saa tatu asubuhi, nikamwona Bi Somoe anapanda njia ya kituo, polepole, akisimama kupumua. Mjukuu wake alikuwa amepata kiwanja cha kujenga.

"Daftari linasemaje?" aliuliza baada ya salamu.

"Linasema wametulia, mama."

"Na wewe umefunga?"

"Nimefunga."

"Na wao?"

"Wao wanapewa yao kama kawaida. Tazama, imeandikwa hapa."

Kusoma alijua. Alivaa miwani, akafuata safu ya kivutio kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, bila haraka. Kisha akavua miwani, akaniaga, akateremka. Hakusema kama atakata au hatakata.

Majuma matatu baadaye aliniita. Nilikwenda na kisu changu, na njia nzima nilikuwa nahesabu mambo yanayoweza kwenda vibaya. Nilitegemea kukuta shamba zima limelazwa chini. Nikakuta miti yote imesimama isipokuwa mmoja. Bi Somoe alikuwa amekata msindano mmoja tu, akauacha na gome lake, akakaa kusubiri aone. Wakataji watatu walikuwa wamekaa kivulini na mashoka yao, wanamwangalia yeye.

"Bandua," aliniambia.

Gome lilitoka vipande virefu, na chini yake mti ulikuwa mweupe, umelowa, hauna ujia hata mmoja. Nilibandua mpaka mwisho wa gogo. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu anajua kwamba nimeandika hivi. Bi Somoe aliinama, akapitisha kiganja juu ya ule mti kutoka shina mpaka ncha, akakigeuza kiganja akakitazama, akajifuta kwenye khanga. Kisha akawageukia wale wakataji.

"Haya," alisema, "kateni iliyobaki."